Nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma: tunalinda mugini gani?



Mwezi huu zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Niliahidi kuleta habari za kikundi chetu cha historia, sisi tunaokutana siku ya posho asubuhi mu ville, na daftari mkononi na simu ya kupiga picha. Habari ninazo. Lakini sitaanza na zile nzuri. Nitaanza na kosa tulilolifanya, kwa sababu kosa lile limenifundisha historia kupita kozi nyingi nilizofuata wakati tulikuwa ku masomo.

Mwishoni mwa kiangazi, wakati majakaranda yanaanza kutoa maua, tulisikia kwamba nyumba moja ya kitambo, si mbali na Place de la Poste, imeuzwa na itabomolewa. Nyumba ya matofali, barza pana mbele, paa refu la mabati, madirisha ya mbao yenye kufunguka mara mbili. Naijua tangu utoto. Nkambo yangu mwanaume alikuwa mpishi mule, kwanza kwa Mubelgiji mmoja wa njanja, kisha kwa Mugriki mwenye duka. Kila tulipopita pale na baba, baba alikuwa anapunguza mwendo kidogo. Hakusema kitu, lakini alipunguza mwendo.

Tulikwenda watu wanne. Tuliomba ruhusa, tukaingia. Tukapiga picha ya barza, ya nguzo, ya mlango mkubwa, ya sakafu ya sementi nyekundu ambayo mpaka leo ilikuwa inang'aa ukiipangusa. Tukapima upana wa ukuta. Tukaandika kila kitu vizuri, tukarudi tukifurahi. Kabla wiki mbili hazijaisha, mashini ilikuja. Siku tatu tu, mahali pale pakawa uwanja wa vumbi nyekundu.

Nikasema: angalau picha tunazo. Siku ya yenga nikazipeleka Kamalondo, kwa nkambo yangu mwanamke. Ana miaka karibu 90, macho yake bado mazuri akivaa miwani. Nikampatia simu. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole. Alipofika ya mwisho akarudia tena toka mwanzo, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Kisha akaniuliza:

«Na ya nyuma?»

«Ya nyuma gani, nkambo?»

«Nyumba ya nyuma. Kule siye tulikuwa tunalala. Baba yako nilimuzalia mule. Hamukupiga picha?»

Hatukupiga. Tulipita pale tukielekea kupima ukuta wa upande. Nakumbuka kijumba kidogo, mlango mfupi, bati lililokula kutu, ndoo mbili za rangi ndani yake. Tulidhani ni stoo. Watu wanne wenye diplome, wanaojiita walinzi wa historia ya mugini, tulipita mbele ya chumba alichozaliwa baba yangu na hatukusimama.

Nkambo akarudisha simu. Akasema maneno mamoja tu: «Basi mulilinda nyumba ya bazungu.»

Tangu siku ile swali hili halinitoki. Tukisema tunataka kulinda mji wa kitambo, tunalinda mji gani? Wa nani?

Tukumbuke kwanza mji wenyewe ulizaliwa namna gani. Kabla ya mwaka 1910, pale ambapo leo kuna Posta na benki palikuwa pori la miombo na vichuguu, karibu na mto Lubumbashi. Shaba ilikuwa ikijulikana na kufuliwa na watu wa Katanga miaka mingi sana kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Njanja ikapanda toka kusini, toka Rhodesia, ikapita Sakania, ikafika hapa mwaka 1910. Mwaka huo huo Émile Wangermée alipima mji mpya, ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji, Elisabeth. Mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Ndiyo maana avenue zetu zimenyooka kama mistari ya daftari: Wangermée alifuata mfano wa miji ya kusini, hasa Bulawayo. Mji wetu ulitazama Cape Town kuliko Kinshasa. Unga, makaa, mashini, hata Wazungu wengi wa kwanza walitoka upande ule.

Baadaye mji ukakua. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo lilisimama mwaka 1920. Sinagogi ilijengwa mwaka 1930 kwa ajili ya Wayahudi, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes. Wagriki, Waitalia na Wareno walifungua maduka. Miaka ya 1950 wakati shaba ilikuwa inalipa sana, Claude Strebelle na wenzake wakajenga lile teatre kubwa ambalo leo tunaliita Bâtiment du 30 juin, mahali wabunge wa jimbo wanakutana. Musée ilianzishwa mwaka 1946. Ukitembea toka gare mpaka kanisa kuu, dakika chache tu kwa miguu, unapita miaka hamsini ya ujenzi. Miji ya namna hiyo si mingi katika Afrika ya kati.

Huo ndio mji wa mbele. Sasa tuzunguke nyuma.

Mji wa Wazungu haukuwa wa watu wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 cité ya Waafrika ilisogezwa kusini, ikaitwa Cité Albert, ambayo ni Kamalondo ya leo. Kati ya ville na cité waliacha ardhi tupu, wakaiita zone neutre. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya afya: mbu na malaria. Lakini mbu yule alijua rangi ya ngozi, kwa sababu mchana maelfu ya Waafrika waliingia ville kufagia, kupika, kubeba, kujenga, na hakuna aliyeogopa malaria yao. Ni usiku tu ndipo walikuwa hatari. Usiku mtu mweusi asiye na karatasi ya ruhusa hakuwa na haki ya kutembea mu ville. Baadaye zikaja Kenya, Katuba na Ruashi, kila moja mbali kidogo zaidi. Na wafanyakazi wa Union Minière waliishi ku kambi za kampuni, ambako kampuni iligawa posho kila wiki. Ndiyo maana mpaka leo sisi watu wa Lubumbashi tunaita Jumamosi siku ya posho. Posho yenyewe imekwisha kitambo. Siku bado inaitwa hivyo. Hata lugha yetu ni jengo la kitambo, ila lenyewe hakuna mashini ya kulibomoa.

Lakini walikuwako Waafrika waliolala mu ville kwa ruhusa: maboyi na wapishi. Nyuma ya kila villa, mwisho wa paseli, karibu na ukuta, palijengwa kijumba: chumba kimoja au viwili, jiko la nje, choo. Waliita boyerie. Bwana aliweza kupiga kengele saa yoyote. Kwa hiyo kila paseli ya mji wa kitambo ilikuwa na nyumba mbili, na historia mbili. Ya mbele ina plan, ina jina la aliyeichora, wakati mwingine iko mu vitabu vya architecture. Ya nyuma haina kitu. Ndiyo maana inaanguka bila mtu kujua, na ndiyo maana sisi wanne tulidhani ni stoo.

Hapa lazima nitaje kitabu kimoja ambacho kila mtu wa Lubumbashi angepaswa kukijua. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, ndani ni Kiswahili chetu, hiki hiki tunachosema nyumbani. Aliiandika kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani. Fikirini vizuri: wakati vitabu vikubwa vya historia ya Katanga vilikuwa vinaandikwa na watawala na kampuni, watu waliopiga pasi mashati ya watawala hao walikaa chini, wakatoa habari yao wenyewe, kwa mashini ya kuandika. Maandishi yale hayakupita njia ya vitabu vya duka. Ni Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango wa hapa hapa kwetu, aliyeyatoa kwa ulimwengu mwaka 1990. Niliyasoma nikiwa mwanafunzi, niliyatumia mu kazi yangu ya mwisho, nilipata alama nzuri. Na bado nilipita mbele ya boyerie bila kuiona. Kusoma ni jambo moja, kuwa na macho ni jambo lingine.

Sasa tufike ku ugomvi wetu, maana ndani ya kikundi ugomvi ulikuwako, na sipendi kuuficha.

Nilipowapasha wenzangu maneno ya nkambo, mmoja wetu, mwana wa Katuba, alisema wazi: «Nkambo yako iko na haki. Ziache zianguke. Zile nyumba zilijengwa juu ya kutufukuza. Nkambo yangu miye alichapwa fimbo mu hii mugini. Juu ya nini mi nitalilia barza ya bwana yake?»

Neno lake ni zito na sitalijibu kwa mzaha. Tunajua damu iliyoko chini ya mji huu. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wakigoma ili wapate mshahara wa kutosha walikusanyika ku uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikufa pale. Mwenye kusema mji huu ni mzuri bila kutaja siku hiyo, anasema nusu.

Lakini nilimjibu hivi. Kwanza, nyumba zile hazikujengwa na Wazungu. Walizichora na kuzilipia kwa faida ya shaba. Udongo wa vichuguu ulichimbwa na watu wetu, matofali yalichomwa na watu wetu, mafundi walikuwa baba zetu. Nguzo ya barza ni kazi ya mikono yao kabla ya kuwa kivuli cha bwana. Pili, ukibomoa unamsaidia nani? Ukitoa nyumba ya mbele na ya nyuma, ukajenga duka la ghorofa lenye vioo, mtoto wa miaka kumi atapita pale na hataona alama yoyote kwamba watu waligawanywa. Atadhani mji ulikuwa hivi tangu zamani. Neno zone neutre litakuwa hadithi ya wazee, na wazee wakiisha, litakuwa uongo. Aliyefanya ubaya ndiye anayefaidika wakati mahali pa ubaya panafutwa. Mtu aliyeibiwa hachomi moto karatasi za kesi.

Mwenzangu hakukubali yote. Alisema: «Sawa. Lakini basi mulinde mlango ule mfupi, si ule mkubwa tu.» Tukakubaliana hapo. Naona ndiyo maneno ya maana zaidi yaliyosemwa ndani ya kikundi tangu tuanze.

Sasa, nani anabomoa, na kwa nini? Ni rahisi kulaumu wafanyabiashara. Nilikwenda kumwona aliyeuza nyumba ile. Si mtu mubaya. Alitupokea, akatupatia viti na Fanta. Akatueleza: paa lilikuwa linavuja mu masika, kila mwaka anaziba tundu moja, mbili zinafunguka. Mbao zimeliwa na mchwa. Ndugu ni wengi, kila mmoja anataka sehemu yake ya urithi. Akaniangalia: «Munapenda nyumba yangu. Asante. Mungeniletea mabati, ningeacha isimame. Muko nayo mabati?» Hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu na daftari.

Nyuma ya mtu huyo kuna historia ndefu. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, serikali ya Zaïre ilitangaza kutwaa biashara na mali za wageni. Majengo mengi ya ville yakabadilisha mikono kwa ghafula, na wengi waliopewa hawakuwa na njia ya kuyatunza. Gécamines, iliyorithi Union Minière na kubeba nusu ya maisha ya mji huu, ikaporomoka baada ya mwaka 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka ku Gécamines kwa ile operesheni ya départ volontaire, ambayo kila mtu hapa anajua haikuwa ya kupenda sana. Wakati huo huo, Code minier ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya, feza zikarudi, lakini zikarudi kama ardhi: paseli ya katikati ya mji ikawa na bei, nyumba iliyo juu yake ikawa kizuizi. Umaskini uliilinda nyumba miaka thelathini kwa sababu hakuna aliyekuwa na feza za kuibomoa. Utajiri umekuja kuimaliza.

Hata kile kilima chetu cheusi cha masalia ya shaba, kilichosimama karibu na chimney ya Gécamines, kile ambacho kila mtu aliye Bulaya anaweka picha yake anapokumbuka nyumbani, tangu miaka ya 2000 kinachimbwa ili kutoa kobalti. Mlima tuliodhani ni wa milele unapungua mbele ya macho yetu. Basi barza ya matofali ni nini?

Kuna sheria? Iko. Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni. Jengo linaweza kuandikwa ku orodha ya serikali, na likisha kuandikwa, mwenyewe hawezi kulibomoa wala kuligeuza bila ruhusa. Katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 46, inasema Serikali inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Karatasi ni nzuri. Lakini jengo haliwezi kuandikwa ku orodha kama hakuna mtu aliyelijaza dosye: liko wapi, la mwaka gani, lina maana gani, nani anasema hivyo na kwa ushahidi upi. Hapo ndipo kikundi kidogo kama chetu kinapata kazi. Hatuna mabati, lakini dosye tunaweza.

Tena tutazame wenzetu. Nchi yetu ina mahali 5 ku orodha ya urithi wa ulimwengu ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Yote ni misitu na wanyama. Hakuna mji hata mmoja, hakuna nyumba hata moja. Kana kwamba Kongo ni ya sokwe, watu hawakujenga kitu. Lakini Côte d'Ivoire iliingiza Grand-Bassam mwaka 2012, mji wa wakati wa ukoloni wa Ufaransa, na hawakuingiza nyumba za Wafaransa peke yake: kijiji cha Wanzima kimo ndani ya mpaka ule ule. Eritrea iliingiza Asmara mwaka 2017, mji wa majengo ya wakati wa Waitalia, na Waeritrea hawaoni haya kusema ni mji wao. Zanzibar, Mji Mkongwe uko ku orodha tangu mwaka 2000. Na Zanzibar inatufundisha pia upande wa pili: tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani Barghash, ilianguka wakati wa matengenezo, watu wawili wakafa. Jumba lile lilijulikana ulimwengu mzima. Jina ku orodha halishiki ukuta. Ukuta unashikwa na chokaa, feza na mtu anayepanda ku paa kila mwaka kabla ya mvua.

Kwa hiyo sisemi tulinde kila tofali. Mji ni wa watu wanaoishi, wanahitaji maduka, ofisi, mahali pa kulala. Lakini kabla ya kubomoa, kuna hatua ambazo hazina bei kubwa: kupiga picha, kupima, kuandika, kuuliza wazee. Na kwa majengo machache ambayo mji ukiyapoteza utajisahau, tupeleke dosye mbele ya wakubwa, tena na tena, mpaka wachoke na sisi. Kazi hii haikuanza na sisi. Walimu wa chuo chetu, pamoja na mradi wa Mémoires de Lubumbashi karibu na mwaka 2000, walikwenda nyumba kwa nyumba kukusanya vitu na maneno ya watu wa kawaida, wakavionyesha ku musée. Mama akaona chungu chake nyuma ya kioo. Sisi tunaokota kuni njia ile ile.

Sasa habari za kikundi, kama nilivyoahidi. Tumebadilisha karatasi yetu ya kuandikia. Zamani ilianza na swali: nani alijenga, mwaka gani? Sasa ina maswali mengine matatu juu kabisa. Nani alilala mbele? Nani alilala nyuma? Nani alishika ufunguo? Hatuondoki paseli yoyote bila kupiga picha ya boyerie, hata kama imekuwa stoo, hata kama imebaki msingi tu. Mpaka sasa tumejaza karatasi za nyumba zaidi ya 30. Nyumba nyingi, mlango wa mbele hatukufunguliwa, lakini sentinele anayelala nyuma alitukaribisha. Anaishi ku boyerie ile ile, na mke na watoto. Kwa hiyo tusiseme ni historia ya kitambo tu.

Jambo la mwisho. Mwezi uliopita nilimwomba nkambo twende pamoja ku paseli ile. Wajukuu wengine walikataa, walisema atachoka. Yeye alivaa kikwembe chake kizuri akasema gari iko wapi. Mafundi walikuwa wamechimba misingi upande wa mbele, upande wa nyuma bado palikuwa tupu. Kapita wa chantier, kijana mwenye heshima, alisimamisha kazi kidogo, akamtafutia kofia ya plastiki. Nkambo akasimama katikati ya vumbi. Akatafuta na macho. Muembe ulikuwa umebaki, karibu na ukuta. Akauendea, akaugusa, kisha akaanza kuhesabu hatua.

«Hapa, mlango. Ulikuwa mufupi, nkambo yako alikuwa anainama kila siku, hata siku hakuchoka. Hapa, kitanda. Hapa, mbabula. Huku dirisha, dogo hivi, lilikuwa linaangalia jiko la madamu, ili akiita nisikie.»

Mwenzetu wa Katuba, yule yule, alimfuata na kamba na vijiti. Kila mahali alipoonyesha, alipiga kijiti. Tulipomaliza tukapima: mita tatu kwa mita tatu na nusu. Nkambo akaangalia vile vijiti, akacheka kidogo. «Mule ndani tulikuwa watatu», akasema. «Na wageni walikuwa wanakuja.»

Mchoro tuliufanya siku ile ile, juu ya karatasi ya vijisanduku. Hauna uzuri, lakini vipimo ni sahihi, na tumeuweka mu farde moja na picha za barza. Chini yake tumeandika: chumba cha mpishi, mke wake na mtoto mmoja, 1957. Nkambo aliomba nakala. Ameibandika Kamalondo, karibu na kalenda ya kanisa.

Ndugu wahitimu, ninaomba mambo mawili. Kama mko na picha za kitambo za mu ville, hasa zile ambazo mtu wa kazi anaonekana pembeni, nusu yake imekatwa, zileteni, tutazipiga nakala na kuzirudisha. Na kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi mu nyumba za ville, boyi, mpishi, yaya, jardinier, musingoje tarehe ya mkutano. Mumwulize leo jioni: ulilala wapi? Muandike anachojibu, na Kiswahili chake jinsi kilivyo, musikisahihishe.

Siku ya posho tunakutana mbele ya Posta, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenye kuja alete daftari, na kamba ya kupimia kama anayo. Yetu imekuwa fupi.